Nyirinyiri Haipandi Ndege

Zeinab Doyo,
S.L.P. 214,
Isiolo.

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Gumato,

Salaam aleikum warahmatullah. Hujambo, Shangazi? Afya yako je, na kazi ya hospitali, na mume wako, na binti yenu Dabaso? Nasikia huko sasa ni msimu wa joto na bado watu wanavaa sweta. Utanieleza mwenyewe hilo ni joto la aina gani. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Baba ni mzima isipokuwa magoti, ambayo yanalalamika kila akipanda lori kukagua mbuzi. Mama ni mzima, na ulimi wake ni mzima kumshinda. Upepo wa Agosti umeanza kazi yake, vumbi tunalila pamoja na chapati, na mvua haijatajwa na mtu yeyote.

Mimi ni Zeinab, mtoto wa kaka yako Doyo. Ulipoondoka miaka kumi na minane iliyopita nilikuwa na miaka sita na pengo la meno mawili mbele, na ulinibeba mgongoni mpaka barabarani, pale gari lilipokuwa linakungoja. Meno yaliota. Sasa nina miaka ishirini na minne na mdomo uliojaa, kama utakavyoona kabla barua hii haijaisha.

Usishangae kuletewa karatasi zama hizi. Simu ya Mama iliibwa sokoni mwaka jana, ikaenda na nambari yako, na ile ya zamani iliyoandikwa nyuma ya mlango haishiki. Anwani nimeitoa kwenye bahasha ya kadi yako ya Idd. Mama huzificha kadi zako ndani ya foronya akidhani hakuna anayejua. Baba hajui kwamba nakuandikia. Nitamwambia mwenyewe, lakini si leo.

Sasa kaa chini nikupe habari. Nimepata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili, mwaka mmoja, katika magonjwa ya mifugo, na chuo chenyewe kiko Aberdeen. Soma tena, Shangazi. Aberdeen! Niliomba vyuo vinne, vitatu vikaninyamazia, na hicho kimoja kilichonijibu kiko katika mji unaoishi wewe. Wallahi sikupanga. Kendi, rafiki yangu tunayefanya naye kazi kwenye maabara ya mifugo hapa mjini, anasema nilipanga na sasa najifanya mjinga. Mwache aseme.

Ndege ni Jumatano tarehe kumi Septemba, na nitatua hapo kwenu Alhamisi mchana. Chuo kimeandika wazi kwamba asiyefika kufikia Jumatatu tarehe kumi na tano, nafasi yake na ufadhili wake anapewa mwingine aliye kwenye orodha. Siku ninazo, lakini si za kuchezea.

Kuhusu matayarisho, usinihofie hata kidogo. Pasipoti ninayo, viza imetoka. Nilikwenda Nairobi kupigwa picha ya kifua, maana hawakupi viza bila kujua kama una kifua kikuu, na daktari akaniambia mapafu yangu ni safi kabisa. Nikamwambia hiyo ni ajabu, kwa vumbi la huku ninakotoka. Vyeti vyangu halisi vitakuwa ndani ya mkoba nitakaoushika mkononi, nakala ziko kwenye sanduku, na picha zake nimejitumia kwa barua pepe. Chumba nimepata bwenini, jiko tunatumia watu sita. Mwalimu atakayenisimamia nimeshamwandikia mara mbili. Alikiri kwamba hajawahi kumgusa ngamia. Nikamjibu kwamba mimi nimeguswa na ngamia wengi, mmoja kwa teke, na tutasaidiana.

Koti pia ninalo! Tulilinunua na Kendi kwenye mitumba kwa Nakaale, yule mama Mturkana mwenye kibanda karibu na stendi. Alinifunga vifungo vyote saa saba mchana, akanizungusha mbele ya wateja kama bibi harusi, huku jasho likinitoka mpaka kwenye viatu, na akaniapia kwamba hilo ndilo koti la theluji. Nilimuuliza theluji aliiona wapi. Akasema aliiona kwenye koti.

Lakini kuna mambo ambayo mtandao haunijibu, na wewe unayajua. Nyama halali inauzwa upande gani wa mji? Ile mashine ya kupasha chumba joto inawashwa vipi bila kuunguza nyumba ya watu? Ukikutana na jirani asubuhi unamsalimia mpaka umuulize watoto na mifugo, au ni neno moja tu unapita? Nimesikiliza redio ya huko kwenye simu na nimeelewa neno moja kati ya matatu. Hilo halinitishi. Nilizoea Kimeru cha Kendi akiwa amekasirika, Kiingereza chenu pia nitakizoea.

Mama naye ana matayarisho yake. Ninapoandika yuko jikoni siku ya pili mfululizo, anakaanga nyirinyiri. Alipokea paja zima la ndume wa ng'ombe, akaikatakata nyama vipande vidogo kama kucha, akaianika, na sasa anaikaanga na kuizamisha ndani ya samli yenye iliki ndani ya chombo cha mbao chenye kifuniko cha ngozi. Anasema haiwezekani mtoto wake atoke hapa aende akaanze maisha ugenini bila chakula cha nyumbani cha miezi mitatu. Nyumba nzima inanukia, na paka wa jirani wamehamia kwetu.

Sasa nifike kwenye lenye uzito. Shangazi, katika safari hii yote naogopa jambo moja tu, na jambo hilo liko hapa nyumbani. Baba amekataa kuniombea dua ya safari.

Anataka niape kwanza. Anataka niketi mbele ya wazee wawili, niape kwamba mwaka ukiisha nitarudi Isiolo. Nimekataa. Nilimwambia nitarudi kwa sababu nataka kurudi, kazi yangu iko hapa, na mimi si mbuzi wa kufungwa kamba ndipo ajulikane yuko wapi. Akanijibu kwa sauti ndogo, ile mbaya zaidi: "Hata yule aliapa." Unajua yule ni nani. Miaka tisa hajatamka jina lako, Shangazi, tangu tulipomzika Akko, mama yenu, na wewe hukuja.

Na unamjua kaka yako akishika jambo. Ukame ule mkubwa ulipotupiga, aliuza kila kitu chenye kwato. Aliuza mbuzi, aliuza ngamia wa maziwa. Wakabaki ng'ombe wawili wekundu huko Merti, mfupa na ngozi, na nikamsihi awauze kabla hawajafa. Alikataa! Akawa anawanunulia nyasi za lori na kuzituma huko, sisi hapa tunakunywa chai ya rangi. Tuligombana wiki nzima. Walipona, mmoja akazaa, sasa ni watatu, na mpaka leo hajawahi kutueleza kwa nini. Huyo ndiye mtu ninayebishana naye kuhusu kiapo.

Mimi bila dua ya Baba sipandi ndege. Nakuambia wazi ili usidhani natania. Kendi ananiambia nenda tu, atakasirika na atapoa. Mama analia akikaanga. Lakini siwezi kuondoka katika nyumba hii na mzazi wangu amegeuza uso, niende nikasome magonjwa ya mifugo kwa furaha ipi? Tarehe kumi inakuja, nami nimeketi na sanduku lililojaa na kichwa kigumu kama chake.

Na wewe pia nina neno nawe. Nimelibeba tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Akko aliugua wiki tatu. Kila gari likisimama nje alikuwa anauliza, "Ni Gumato?" Tukamwambia uko njiani. Hukuwa njiani. Kwa nini hukuja? Ndege zipo, mshahara ulikuwa nao. Mimi nakuja kuishi mtaa wa pili na wako, na sitaki kukutana nawe nikiwa nimelificha swali hili chini ya koti. Kama Baba amefunga mlango, Shangazi, ni wewe uliyeuacha wazi ukaenda, na mimi ndiye ninayelipia.

Mama ananiita nikashike sufuria. Nitaendelea.


Jumanne, 26 Agosti

Shangazi, nimerudi. Nilitaka kuzichana kurasa za juu nianze upya, halafu nikasema hapana, nilivyoviandika niliviamini siku hiyo, na wewe ni mtu mzima utavisoma. Ila ukifika hapa ujue kwamba nimetubu. Sikiliza yaliyotokea.

Jumapili Kendi alikuja akitoka kanisani kunisaidia kupima sanduku. Nilikuwa nimeazima kazini ile mizani ya ndoano tunayopimia mbuzi, tukaifunga kwenye boriti, tukalitundika sanduku. Uzito ulikuwa sawa hata na chombo cha nyirinyiri ndani. Nikawa najisifu. Kendi, yeye akawa anapitia kwenye simu yangu zile karatasi za chuo za kuwakaribisha wageni, ukurasa mmoja ambao mimi, msomi, nilikuwa nimeuruka kwa sababu ulihusu mizigo na nilidhani mizigo naijua. Akaanza kusoma kwa sauti. Nyama hairuhusiwi. Maziwa hayaruhusiwi. Chochote kilichotengenezwa kwa nyama au maziwa kutoka nchi kama yetu kinachukuliwa mpakani na kutupwa.

Kendi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Si kwa sababu ya nyirinyiri. Ni kwa sababu mwezi wa sita ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia, ni mimi niliyebandika matangazo pale soko la mifugo, kwa muhuri na sahihi yangu: asitoke mnyama, isitoke nyama, yasitoke maziwa. Wanaume wazima na ndevu zao walinibembeleza niwape ruhusa ya mbuzi mmoja tu wa harusi, nikawakatalia bila kupepesa jicho. Na mimi huyo huyo nilikuwa tayari kuingia nchi ya watu na kilo nne za nyama ndani ya samli, nikiwa njiani kwenda kusomea kuzuia magonjwa ya mifugo! Ningekamatwa ningewaambia nini? Aibu ilinishika mpaka masikioni.

Mama hakucheka. Aliuliza, "Nchi gani hiyo inayoogopa nyama iliyokaangwa siku mbili?" Nilipomweleza mara ya tatu, alikaa juu ya kigoda akakishika kile chombo mapajani. Akasema polepole, hata hakuwa anazungumza nasi, "Basi ni yale yale ya Gumato."

Baba alikuwa mlangoni anavua viatu. Hatukumsikia akiingia. Akauliza, "Yapi ya Gumato?"

Shangazi, nilisimama pale sijui niangalie wapi. Jina lako lilitoka mdomoni mwake kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na nadhani hata yeye hakutambua. Mama alijaribu kujitia kwenye sufuria zake. Baba akauliza tena, bado ana kiatu kimoja mguuni.

Ndipo Mama akasema. Alisema yote, Shangazi. Najua ulimwomba asiseme, na amekaa nayo miaka kumi na minane, lakini usimlaumu. Alieleza jinsi ulivyofika na chombo cha nyirinyiri cha Akko umekikumbatia, na mtu wa forodha akakuelewesha kwa upole, halafu akakitia kwenye pipa, chombo na vilivyomo. Kwamba ulikaa kwenye kiti cha chuma ukalia peke yako mpaka watu wote wa ndege yako wakaisha. Na jioni hiyo ulimpigia Akko simu ukamwambia umeonja viganja viwili na ni tamu sana. Na nusu mwaka mzima Akko alikuwa akikuuliza, "Imebaki?" na wewe unamjibu, "Imebaki kidogo, naibania." Akko alikufa akijua uliimaliza yote.

Baba akasema, "Hata mimi aliniambia ilikuwa tamu." Ndume yule wa mwaka ule alikuwa amemchinja yeye, alisema, na hakuwa na mwingine.

Mama alikuwa ameshafungua mdomo na hakuufunga tena. Akaendelea na habari ya mazishi. Kwamba wakati Akko anaugua, pasipoti yako ilikuwa mikononi mwa serikali ya huko, umeomba kuongezewa kibali cha kukaa, na ungetoka ungepoteza kazi na kila kitu usirudi tena. Kwamba uliandika barua kuomba pasipoti hata kwa wiki moja, na jibu lilikuja Akko ameshazikwa siku kumi na moja. Kwamba ulikuwa na mimba ya miezi sita.

"Kwa nini hakuniambia?" Baba akauliza.

"Angekuambia vipi?" Mama akamjibu, na sasa alikuwa amesimama. "Alipopiga siku ya Idd uliiweka simu kwenye kigoda ukaenda kulisha mbuzi. Nusu saa alizungumza na kigoda, Doyo! Mimi ndiye niliyeipokea, nikamkuta bado anakuita. Mtoto wake unajua anaitwa nani? Anaitwa Dabaso."

Mimi jina hilo nilikuwa nimelisoma kwenye kadi, na siku zote nilidhani Baba pia analijua na amelimeza tu. Hakulijua. Hakuwa anajua kwamba huko baridini kuna mtoto anaitwa kwa jina la Akko, mama yake mzazi. Alikivaa kile kiatu kingine, akatoka, akaenda kukaa kwenye zizi la mbuzi mpaka adhana ya magharibi. Jana hakwenda sokoni, mpaka wenzake wakatuma mtu wa boda boda kuuliza kama ni mgonjwa. Akamwambia hapana, nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa.

Mimi nilikwenda chumbani nikalia, Shangazi. Nililia kwa yale niliyokuandikia hapo juu, na nililia kwa ajili ya kile kiti cha chuma. Naomba unisamehe. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilihitaji mtu wa kumlaumu, na wewe ndiye uliyekuwa mbali.

Leo asubuhi, baada ya chai, Baba alimwambia Mama, "Kaanga buna."

Wewe unajua nyumba yetu haikaangi buna ovyo. Mara ya mwisho ilikuwa ndoa ya Guracha, kaka yangu. Mama alizitoa zile punje za kahawa na maganda yake, akazing'ata ncha moja moja, akazitia kwenye samli ya moto, na zilipoanza kupasuka harufu ikatoka mpaka barabarani. Wazee wawili wa jirani wakaja, wale wale niliotakiwa kuapa mbele yao. Nikaketi. Nikawa nangoja kiapo. Nilikuwa nimeamua, wallahi, kwamba akiniuliza tena nitaapa, kwa sababu nilikuwa nimechoka kushinda.

Hakuniuliza. Alikipokea kikombe cha buna na maziwa, akaweka mkono wake kichwani pangu, na akaanza dua, sisi tunaitikia kila neno. Nenda kwa amani. Amin. Ufike kwa amani. Amin. Upate ulichofuata. Amin. Wagawane nawe maji yao. Amin. Aliomba kwa jina langu, Zeinab binti Doyo. Halafu, mkono bado uko kichwani, akaomba kwa jina lako. Gumato binti Gollo. Pamoja na mtoto aliyemzaa. Mama alishindwa kuitikia, wazee ndio walioitikia.

Alipomaliza akanitazama akasema, "Nenda. Lakini mwaka ukiisha, usirudi peke yako."

Niliapa, Shangazi. Niliapa pale pale bila kuombwa, mpaka mzee mmoja akacheka akasema mtoto huyu alikuwa anangoja nini siku zote hizi. Sasa utajua mwenyewe umeingizwa kwenye kiapo cha nani. Mwaka mmoja unatosha kupanga likizo ya hospitali, na pasipoti sasa unayo, Mama ameniambia. Mlete Dabaso. Mlete na mume wako, tutamfundisha kunywa maziwa ya ngamia polepole ili asitutie aibu.

Basi, kila kitu kiko tayari. Nakuja, na sina wasiwasi na masomo, wala baridi, wala Kiingereza chenu. Nyirinyiri Mama amegoma kuigawa. Kendi tu ndiye aliyepewa bakuli, na alilipata kwa kucheka. Chombo kimefungwa kiko juu ya kabati. Sanduku langu sasa lina nafasi ya kilo nne, kwa hivyo niambie unataka nini kutoka nyumbani kisichotoka kwa mnyama. Nambari yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Posta wamesema barua itachukua kama wiki moja, ukiipata nipigie siku hiyo hiyo. Simu yangu haiwekwi kwenye kigoda.

Alhamisi tarehe kumi na moja njoo uwanja wa ndege. Nitakuwa nimelivaa lile koti la Nakaale, refu, rangi ya udongo wa Kinna, hutalikosa. Ukichelewa nitakungoja. Kama kuna kiti cha chuma, nitakaa juu yake mpaka uje.

Mama anakusalimu sana na anasema amefurahi kuweka mzigo chini. Guracha na mkewe wanakusalimu kutoka Merti. Mjomba Ekidor wa dukani, ambaye si mjomba wetu lakini jaribu kumwambia hivyo, anasema bado anakumbuka ulivyokuwa unajua kupunguza bei. Kendi anakusalimu bila kukujua na ameomba picha ya theluji ili amwonyeshe Nakaale. Msalimie mume wako, na umbusu Dabaso, umwambie binamu yake anakuja na hajui kunyamaza.

Mungu akulinde asubuhi na jioni, akutie afya, na atukusanyie lile ambalo sisi wenyewe tulilitawanya.

Mimi ninayekupenda, na safari hii ninakuja kukuambia kwa mdomo,

Zeinab

Nimemwambia Baba kuhusu barua hii. Aliomba kalamu. Nimemwachia nafasi hapa chini na nimetoka nje ili aandike peke yake. Alisoma mpaka darasa la nne tu, mvumilie.

*

Gumato. Hii ni Doyo. Ile ng'ombe nyekundu Mama alikupa siku ulimaliza shule, ilikufa na uzee. Lakini ilizaa. Sasa ni tatu, iko Merti na Guracha. Wakati wa njaa niliuza zangu yote. Zako sikuuza. Kuja uone.